Simaji

Mafundi wa injini ni watu wavivu wa maneno. Kitu chochote kinachomiminika, wao hukiita ama oili ama maji, mambo yakaisha. Tindikali inayotoboa suruali na ngozi ni maji ya betri. Dawa ya kupoza injini, hata iwe na rangi ya waridi na harufu ya peremende, ni maji ya rejeta. Ukiwaambia wanakosea, watakuuliza kama umeleta chombo kitengenezwe au umekuja kufundisha lugha.

Mwanamke mmoja alikuwa fundi wa namna hiyo hiyo, tofauti ikiwa kwamba yeye alitengeneza ndege. Ndege yenyewe ilikuwa moja, ndogo, ya viti viwili na nafasi ya mizigo nyuma. Mume wake ndiye aliyekuwa rubani wake. Kazi yao ilikuwa kuvusha dawa hadi hospitali iliyoko ng'ambo ya milima, ambako barabara ilikatika kila mvua ikinyesha. Katikati ya safari hiyo hapakuwa na pa kutua, ni miti na mawe mtindo mmoja. Waliishi pembeni ya uwanja wa nyasi, nyumba yao ikitazamana na banda la ndege, hivi kwamba Fundi akiangusha spana bandani, jikoni walijua ni ya ukubwa gani.

Jikoni ndiko alikokuwa mtu wa tatu, mama mkwe wake. Huyu alihamia kwao baada ya mumewe, dereva wa lori, kufariki. Alikuwa mnene, mwepesi wa kazi, mwingi wa kicheko, na hakujua kufupisha. Ukimuuliza kama sukari ipo, atakuanzishia pale alipoamka, upande aliolalia, alivyoitafuta kandambili ya kushoto akaikuta uvunguni, nani alipita njiani akamsalimia na nani alipita akajifanya haoni. Mtafika kwenye sukari mkiwa mmechoka wote wawili. Hakuwa mwongo wala msengenyaji. Aliyasema yote tu, kama yalivyofuatana, na wala hakuyatia chumvi.

Fundi alimpenda na kumheshimu. Alimnunulia miwani, alimpeleka kliniki, alimwachia kiti kizuri. Ila kumsikiliza, hapana. Alikuwa amejifunza kupachika "ehe", "kumbe" na "jamani, mama" mahali panapostahili, huku kichwani akifungua na kukaza nati. Aliamini kwamba mama mkwe hajui kuwa hasikilizwi. Watu wa "ehe" wote huamini hivyo, na wamejaa majumbani mwetu.

Sasa, msimu wa joto ulipopamba moto, ndege ilianza kuchemsha. Rubani alipokuwa akiipandisha kuvuka milima, mshale wa geji ya joto ulipanda nao hadi kugusa alama nyekundu, na zaidi ya mara moja alirudi nyumbani shati limemganda mgongoni, si kwa jua peke yake. Fundi akachunguza, akauliza wenzake wa kazi, akakata shauri kumwaga kile kilichokuwemo ndani ya injini na kutia kingine cha aina mpya.

Hicho kipya hakikuwa na hata tone la maji. Kilikuwa kizito kidogo, chekundu cha kufifia, na kiliweza kupata moto mkali mno bila kuchemka. Sharti lake lilikuwa moja, limeandikwa ubavuni mwa galoni kwa herufi kubwa, kwamba kisichanganywe na maji. Maji yakiingia yatachemka yenyewe humo ndani, yageuke mvuke pale penye moto zaidi, na mvuke haupozi kitu. Injini itajiunguza. Tena kwa kuwa kitu hiki kinastahimili moto, Fundi alitakiwa kuisogeza juu ile alama nyekundu ya kwenye geji, na aliisogeza. Maana yake ni kwamba kama maji yangeingia, rubani angeona mshale umetulia vizuri chini ya alama, na huku injini inakufa.

Fundi alijua yote hayo. Alimwaga cha zamani, akapuliza mipira ya injini kwa upepo, akasuuza kwa dawa ya kuondolea unyevu, akatia kipya taratibu mpaka kikafika juu. Wakaiwasha injini, ikatapika hewa iliyokuwa imejificha kwenye kona zake, na ile dawa ikashuka kidogo ndani kama ilivyotarajiwa. Ilibaki kungoja ipoe, kisha kujazia. Lakini aligundua vibano viwili vya mpira vimelegea meno, akapanda pikipiki kwenda mjini kutafuta vipya. Akiwa ameshaweka gia alimpigia mume wake kelele.

"Ikishapoa, fungua pale juu uongeze maji! Usisahau!"

Rubani alikuwa bandani, simu sikioni, akamwinulia kidole gumba. Galoni la dawa lilikuwa palepale juu ya meza, na yeye alielewa vizuri ni maji gani yanayosemwa. Sauti ya Fundi ilikuwa kubwa, ikasikika hadi jikoni.

Aliporudi na vibano vyake alifungua kifuniko, akachungulia, akakuta pamejaa sawasawa. Akafurahi. Mume wake, ambaye husahau hata miwani iliyo usoni pake, leo amekumbuka! Akamshukuru kimoyomoyo, akafunga vibano, akarudisha boneti ya ndege. Rubani naye, aliyekuwa amezunguka na simu yake ndefu hadi nyuma ya banda, alipoimaliza alikuta pikipiki imesharudi, akachungulia palepale kabla boneti haijafungwa, akakuta pamejaa, akajua mke wake amejaza mwenyewe, akamshukuru kimoyomoyo. Wakala, wakalala. Kila mmoja alikuwa na shukrani ya mwenzake tumboni, na hakuna aliyefungua kinywa kuitoa.

Asubuhi hali ya hewa ilikuwa nzuri. Rubani alipakia maboksi ya dawa, akaisogeza ndege hadi mwisho wa uwanja, akawa anaipasha injini moto kabla ya kuruka. Fundi aliingia jikoni, akaweka simu ya upepo mezani karibu na sahani ya mkate, akakaa. Mama mkwe alikuwa anamimina chai, na hadithi ilikuwa imeshaanza zamani, huenda hata kabla hajaingia.

"...sasa mchele gani ule, mawe matupu. Nikasema, mimi na meno yangu haya mawili matatu, yatanimaliza. Basi ndipo nikakusikia unampigia mwenzio kelele. Nikamchungulia dirishani, namwona na simu yake, anacheka, anazunguka. Nikasema, huyu? Huyu hakumbuki kitu. Namjua tangu ananyonya. Alishawahi kurudi shule na kiatu kimoja, na hana habari."

"Ehe," alisema Fundi. Alikuwa anawaza kama apake grisi kwenye gurudumu la mbele au angoje wiki ijayo.

"Basi nikaacha mchele. Nikachukua birika, nikavuka hadi bandani. Na maji yenyewe si ya bombani, nilikuwa nimeyachemsha nikayapooza, maana injini nayo haipendi uchafu. Nikatafuta kile kigoda, kumbe mguu mmoja unacheza, nikakisukumia ukutani..."

"Kumbe."

"...nikapanda. Nikafungua kile kifuniko na kitambaa, pole pole, namna nilivyokuwa namfungulia marehemu rejeta ya lori. Wewe, mimi nimemaliza ujana wangu barabarani namwagilia lile lori! Akilisimamisha tu, mimi nimeshashuka na dumu..."

Sikio la fundi ni kitu cha ajabu. Linaweza kupitisha habari za mchele, meno na marehemu kama upepo, lakini jina la kifaa likitajwa, linasimama. Fundi alishusha kikombe.

"Kifuniko gani, mama?"

Mama mkwe alimtazama kwa mshangao kidogo, kwa sababu hakuwa amezoea kuulizwa.

"Si kile cha juu ya injini, cha duara. Si ulisema aongeze maji? Nikaongeza. Birika karibu lote likaingia, likafika mpaka juu kabisa."

Fundi aligeukia dirishani. Kule mwisho wa uwanja sauti ya injini ilikuwa imebadilika, imepanda, ile sauti anayoijua ya mume wake kukagua nguvu ya mwisho kabla ya kuachia breki. Na palepale simu ya upepo ikakoroma mezani.

"Haya, mke wangu, naondoka."

Alikamata ile simu, chai ikamwagika mezani.

"Zima."

Huyo ni mume ambaye angeweza kubishana nawe kuhusu chumvi ya mboga kuanzia asubuhi hadi jua linazama. Lakini injini ilinyamaza hapo hapo. Uwanja mzima ukawa kimya, ikasikika chai ikidondoka kutoka mezani hadi sakafuni. Kisha simu ikakoroma tena.

"Nimezima. Sasa sema."

"Shuka. Nakuja," alisema Fundi, akairudisha simu mezani. Mungu wangu, alijisemea. Amezima bila kuuliza. Mtu wa watu amezima bila kuuliza.

Baada ya hofu ilikuja hasira. Ilimpanda na maneno yake tayari, nani amekutuma, nani amekuambia ushike ndege ya watu, hii ni lori? Yalifika hadi kwenye ulimi. Lakini fundi mzuri akikuta kitu kimeharibika hurudi nyuma hatua moja moja mpaka pale kosa lilipoanzia, na Fundi alikuwa mzuri. Birika lilitoka jikoni kwa sababu ya neno, na neno lilitoka kinywani mwake mwenyewe, juu ya pikipiki, kwa sauti iliyosikika mtaa mzima. Alisema maji. Mama wa watu akaleta maji, tena ya kuchemsha.

"Kuna nini?" Mama mkwe alikuwa amesimama na kitambaa cha kufutia meza mkononi, hafuti. "Nimefanya nini?"

Fundi akamweleza. Alimweleza kwa maneno machache na mepesi, kwamba kile kinachotiwa mle ndani siku hizi si maji, ni dawa, mafundi wanaiita tu maji kwa mazoea, na ikichanganywa na maji inaharibika. Alitaka kuishia hapo. Mama mkwe hakuwa mjinga. Aliishi na injini miaka yote ya ndoa yake.

"Angechemsha," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Huko juu ya milima."

Mama mkwe akaketi kwenye kiti pole pole, akiushika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo mimi nilitaka kumwua mwanangu kwa birika la chai."

"Hapana, mama. Usiseme hivyo. Mimi ndiye niliyesema maji." Akamsogelea, akapunguza sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Na sikiliza. Hatumwambii. Nitasema ni mimi, niliacha maji ndani nilipokuwa nasuuza. Atanitania wiki nzima, basi, yataisha. Hili libaki letu sisi wawili."

Alilisema kwa moyo mweupe kabisa. Mama mkwe akavuta kanga yake akajifunga kiunoni.

"Mwanangu, umenionea huruma, na Mungu akulipe. Lakini hebu fikiri. Kama ningekuwa mtu wa kuficha mambo, saa hizi yule angekuwa wapi?"

Akatoka. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyasi, na Fundi nyuma yake, mpaka pale rubani alipokuwa amesimama kando ya ndege akijikuna kichwa. Na kwa kuwa hakujua kufupisha, hata leo hakufupisha. Alianzia kwenye mchele. Rubani alimtupia mke wake jicho la kuomba msaada, Fundi akamwashiria kwa macho asikilize. Ikaja habari ya simu, ya birika, ya kigoda chenye mguu unaocheza. Ilipofika kwenye kifuniko, rubani aliacha kujikuna.

"Ni mimi niliyeyatia," alimaliza mama yake. Aliinua kidevu. "Kama ni kunigombeza, nigombeze sasa nikiwa nimesimama, maana nikikaa nitalia."

Rubani aliitazama milima. Akamtazama mama yake. Akamkumbatia kwa nguvu hadi miwani ikamwenda upande.

"Nani akugombeze wewe?" alisema juu ya kichwa cha mama yake. "Mimi nilikuta pamejaa, nikajua ni mke wangu."

"Na mimi nikajua ni wewe," alisema Fundi.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nilikushukuru."

"Sikukusikia."

"Nilikushukuru moyoni!"

"Hata mimi nilikushukuru moyoni," alisema rubani, na wote watatu wakabaki wanatazamana, kwa sababu walikuwa wameona kwa pamoja jinsi jambo lilivyokuwa dogo. Asante moja tu ya mdomoni, jana wakati wa kula, na siri yote ingefumuka palepale kwenye sahani.

Hospitali walipigiwa simu, wakasema mchana si neno. Ndege ikarudishwa bandani kwa kusukumwa, rubani bawa hili, Fundi bawa lile, na mama mkwe nyuma akisukuma mkia ingawa walimkataza. Injini ikaachwa ipoe kabisa. Fundi akavua boneti, akaweka beseni chini, akafungua skrubu ya chini ya pampu. Kimiminika kikashuka kwenye beseni, chekundu kama jana. Kwa macho usingejua lolote. Akachovya kijiti, akaweka tone moja kwenye kioo cha kipimo chake, kifaa kifupi cha kuchungulia kwa jicho moja kuelekea kwenye mwanga, akatazama. Kilimwonyesha maji, si haba. Akampa mama mkwe naye aone.

"Mstari wa buluu umesimama pale chini," alisema mama mkwe, jicho moja amelifumba, mdomo wazi.

"Ulitakiwa uwe juu kabisa."

"Kumbe birika langu linaonekana mpaka humu."

"Ni lako hasa, mama. Lile la kuchemsha."

Mama mkwe akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha kwanza tangu chai imwagike, na Fundi alishangaa jinsi kilivyomfariji. Alifungua mipira mmoja mmoja, akaiinamisha iishe matone, akapuliza kila njia kwa upepo. Akasuuza kwa dawa ya unyevu, akamwaga, akasuuza tena. Beseni alilifunikia na ubao, kwa sababu kitu kile ni kitamu na ni sumu, na paka wa jirani alikuwa hana adabu.

"Sasa hii dawa," alisema mama mkwe, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, "lazima ipewe jina lake. Mkiendelea kuiita maji, kuna siku nyingine nitaleta ndoo."

"Ina jina refu la kwenye galoni," alisema rubani.

"Jina refu nani atalipigia kelele juu ya pikipiki? Iiteni sharubati. Rangi ndiyo hiyo hiyo."

"Thubutu!" alisema Fundi. "Siku ya pili tu mtu ameinywa."

"Basi kipozeo."

"Hilo zuri. Lakini huyu hapa," Fundi alimwonyesha mume wake kwa bisibisi, "ukimwambia kipozeo ataleta feni."

"Mimi nipo hapa jamani, nasikia," alisema rubani.

Mama mkwe alifikiri, akiitikisatikisa miguu yake. "Si maji," alisema. "Shida yote ni kwamba si maji. Iiteni hivyo hivyo. Simaji. Ongeza simaji. Simaji zimeisha. Hapo hata mtu awe na mchele mkononi, atauliza kwanza, simaji ndiyo nini?"

Walicheka mpaka Fundi akalazimika kuiweka spana chini. Lakini jina lilikaa. Lilikuwa limekaa tangu lilipotamkwa, na hadi leo mafundi wa viwanja vya jirani wanalitumia bila kujua lilitoka kwa nani.

Simaji zilizobaki kwenye galoni zilitosha kwa bahati. Fundi alizitia taratibu, wakawasha injini, ikatapika hewa yake, wakazima, wakangoja ipoe. Ilipofika wakati wa kujazia, Fundi alisogeza kigoda, akakiegemeza ukutani upande wa mguu unaocheza, akamgeukia mama mkwe.

"Panda, mama. Utie wewe."

"Mimi tena? Hapana. Mikono hii imeshafanya yake."

"Mikono hiyo inajua kufungua kifuniko kwa kitambaa. Wengi wameungua kwa kutojua. Panda, mimi nashika faneli."

Mama mkwe akapanda. Fundi akamshikilia galoni kwa chini, wakatia pamoja, mpaka mstari. Tone lingine kwenye kioo, na safari hii ile rangi ya buluu ilisimama juu kabisa, palipotakiwa. Fundi alitazama mara mbili. Rubani naye alitazama. Mama mkwe alitazama muda mrefu kuliko wote.

Mchana ndege iliondoka. Ilipita juu ya nyumba, ikainua pua kuelekea milimani, ikawa ndogo, ikapotea. Fundi na mama mkwe waliketi kwenye benchi la nje ya banda, simu ya upepo katikati yao. Baada ya muda sauti ilikuja, ya mbali, yenye mikwaruzo. Amevuka. Mshale umetulia. Anashuka hospitali, atapakua, atarudi. Kisha milima ikaikata sauti.

Mshale umetulia, alisema. Lakini mshale ungetulia hata kama mambo yangekuwa mabaya, na wote wawili pale benchini walilijua hilo.

Mama mkwe hakusema kitu. Hakusema habari ya mchele, wala ya marehemu, wala ya jirani aliyejifanya haoni. Alikuwa amefumbata mikono mapajani, macho kwenye milima. Fundi hakuwahi kumwona hivyo. Miaka yote aliyoishi naye alitamani nusu saa ya ukimya, na sasa amepewa, na haukuwa na raha yoyote. Alimtazama kwa pembeni, mikunjo ya shingo, miwani iliyoshonwa uzi kwenye mkono mmoja, na akaona jinsi alivyobahatika. Angeweza kupata mama mkwe mpole, wa heshima zake, msiri. Wenzake walimwonea huruma kwa mdomo wa huyu. Na mdomo huu ndio uliomwachia mume.

Kwa mbali kukasikika mlio. Ulikuwa mwembamba, kisha ukanenepa.

"Ndiye?" aliuliza mama mkwe kwa sauti ya chini.

Fundi alisikiliza kama fundi. Injini ilikuwa inaimba sawasawa, bila kikohozi. "Ndiye. Na mzima."

Mama mkwe akashusha pumzi ndefu na kuanza kujifuta macho kwa ncha ya kanga. Fundi aliona kwamba akingoja hadi ndege itue neno la shukrani litapita, litabaki tumboni kama jana. Akamgeukia.

"Mama. Asante kwa kusema."

Mama mkwe aliendelea kujifuta. Akairudisha miwani usoni, akamtazama mkwe wake bila kinyongo, kwa upendo kabisa.

"Mwanangu, mimi nasema kila siku," alisema. "Asante wewe, leo umesikia."

Ndege ilikuwa imeshainama kuufuata uwanja. Uso ulimwaka Fundi, na machozi yakamtoka yenyewe, akayaacha. Alimpa mama mkwe mkono akamwinua kwenye benchi, wakaenda pamoja kumpokea.